Nyumba Nzima au Mgonjwa Peke Yake?

Upele hautibiwi kwa mtu mmoja. Akijikuna mmoja, wote mnapakwa. Ndivyo nyumba nyingi zilivyofanya hata kabla ya kusogezewa zahanati. VVU navyo ni habari ya mtu na mwili wake, na wa kuitangaza ni mwenyewe tu. Sasa mgonjwa anaingia kliniki ya tiba na matunzo, CTC kama tulivyozoea kuiita, akiwa na virusi na upele kwa pamoja. Kanuni hizi mbili zinagongana mlangoni. Atibiwe nani, na aitwe kwa maneno gani?

Nimeketisha sauti nne. Si watu fulani. Ni misimamo ambayo aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya kliniki zetu ataitambua. Yuko nesi wa CTC, yuko mwelimishaji rika ambaye mwenyewe anaishi na virusi, yuko daktari wa ngozi, na yuko mwenye duka la dawa, aliyeingia bila kualikwa. Mimi nitadakia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Nesi: Naanza na lililo wazi. Mdudu wa upele haulizi mtu ana kadi ya kliniki gani. Ni aina ya utitiri, jike lake halifiki hata nusu milimita. Anachimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi, anataga mayai mawili matatu kwa siku, na anaishi hivyo mwezi mmoja hadi miwili. Yai linaanguliwa baada ya siku tatu au nne, na wiki mbili hazipiti sana kabla aliyezaliwa naye hajaanza kutaga. Nikimpaka dawa mama peke yake, na usiku huohuo akalala kitanda kimoja na watoto watatu, nimefanya kazi gani? Mwezi ujao yuko mbele yangu tena, na safari hii ngozi imechunika. Msimamo wangu ni nyumba nzima, siku moja, pamoja na asiyejikuna.

Mwelimishaji: Nesi, ya mdudu sibishi. Nabishia hiyo nyumba. Unaisema kana kwamba ni ya mgonjwa. Kuna mama anaficha vidonge vyake kwenye debe la unga kwa sababu mume hajui. Kuna binti wa kazi analala chini pamoja na watoto wa tajiri yake. Kuna kijana amerudi kwa kaka yake, na shemeji anamhesabia hata sabuni. Hawa ukiwaambia "kawalete wote," hawatamleta mtu. Na wao wenyewe hawatarudi.

Nesi: Sikusema wawalete CTC, dada.

Mwelimishaji: Mgonjwa amelisikia hilo neno akiwa amekaa wapi? Amelisikia CTC. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inamlinda dhidi yako na mimi tusitoe siri yake. Haimlindi dhidi ya swali la mumewe: "Nani kakwambia tupakwe wote?"

Mwenye duka: Wakishindwa huko kwenu wanakuja kwangu. Anasimama pembeni mpaka wateja waishe, halafu anasema, "Nipe ya kuwasha." Hasemi inawasha wapi. Akiwa na hela kidogo namuuzia tyubu ya mwasho, akiwa nayo ya kutosha namuuzia BBE, ile dawa ya upele ya kupaka. Sijasomea kumvua mtu shati, ndugu zangu.

Daktari: Hiyo tyubu yako ndiyo ninayoikuta kwenye nusu ya matatizo yangu. Ina steroidi. Inatuliza mwasho kwa siku chache, inafuta alama ambazo zingenionesha kuwa huu ni upele, na chini yake wadudu wanaongezeka bila kusumbuliwa. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshashuka, ni kumwondoa mlinzi wa mwisho aliyebaki.

Hapa naomba nafasi, maana daktari amegusa jambo ambalo wengi wetu tunaliona bila kulijua jina. Mwaka 1848 madaktari wawili wa Norway, Danielssen na Boeck, waliandika juu ya wagonjwa wa ukoma ambao ngozi yao ilikuwa imefunikwa na magamba mazito, na ndani ya magamba hayo walijaa wadudu wa upele. Baadaye ugonjwa ukapewa jina la nchi yao, kana kwamba ndiko ulikotoka. Mdudu ni yuleyule wa upele wa kawaida. Kinachotofautiana ni mwili alioukuta. Mtu mwenye kinga timamu, hata akijikuna usiku kucha, kwa kawaida ana wadudu wakubwa kumi hadi kumi na tano tu mwili mzima. Mwenye upele wa magamba anaweza kuwa na maelfu, pengine hata mamilioni. UKIMWI ulipoenea, madaktari wa karne ya ishirini wakaanza kuyaona tena yale waliyoyasoma vitabuni: magamba ya rangi ya kijivu kwenye viganja, viwiko, makalio, kichwani, kucha zimevimba na kumeguka kama chokaa. Wengi wao chembe zao za CD4 zilikuwa chini ya 200.

Na mtu huyo mara nyingi hajikuni sana. Mwasho hauletwi na meno ya mdudu. Unaletwa na mwili wenyewe ukimkataa mdudu, mayai na kinyesi chake. Mwili uliochoka hausemi kitu. Ndiyo maana mgonjwa wa magamba hupita mikono mingi akiambiwa ana ukurutu, ana fangasi, ana mzio wa sabuni, na kila mkono unamwongezea tyubu nyingine.

Nesi: Afadhali umesema. Mgonjwa wa namna hiyo akilazwa wodini bila kutambuliwa, wiki chache baadaye wauguzi tunajikuna, wapishi wanajikuna, na wa kitanda cha jirani anajikuna. Halafu mnaniambia nisiiguse nyumba yake?

Mwelimishaji: Ninachosema ni kwamba mgonjwa wa magamba na mama mwenye vipele vitatu katikati ya vidole si mtu mmoja. Ninyi mnawasomea karatasi moja. Mnamwambia achemshe mashuka yote, aanike magodoro, asilale na mtoto. Kijiji kizima kinajua leo kwa fulani kuna jambo.

Daktari: Hapo dada ana ushahidi wa zamani. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Uingereza ilikuwa ikitakasa mablanketi ya askari kwa gharama kubwa. Mtafiti mmoja, Kenneth Mellanby, akawachukua vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, akawaweka kwenye nyumba moja huko Sheffield na kuwalaza kwenye mablanketi yaliyotoka kwa askari wenye upele, bila kuyafua. Walioambukizwa walikuwa wachache mno. Kilichoambukiza ni ngozi kukaa na ngozi kwa muda, kama watu wanaolala pamoja. Mdudu akitoka mwilini hana siku nyingi. Mbili tatu, amekufa. Kwa upele wa kawaida, nguo na mashuka ya siku hizo chache yakifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, inatosha. Yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa. Hakuna haja ya kulitoa godoro uani.

Nesi: Na kwa magamba?

Daktari: Kwa magamba wewe ndiye mwenye ushahidi. Kila gamba linalodondoka limebeba wadudu pamoja na chakula chao, na humo wanaweza kuishi karibu wiki. Kiti, shuka, taulo, sakafu, vyote vinaambukiza. Kwa hiyo kabla hamjagombana juu ya nyumba, jueni kwanza ni upele gani. Na kabla ya hapo, jueni kama ni upele.

Mwelimishaji: Ndiyo neno nililokuwa nalisubiri.

Daktari: Wenye virusi huwashwa kwa sababu nyingi. Iliyo maarufu kwetu ni vile vipele vigumu vya mikononi na miguuni, vinavyoacha madoa meusi, ambavyo mgonjwa huwa navyo hata kabla hajapimwa. Shirika la Afya Duniani limeviweka kwenye hatua ya pili ya ugonjwa. Watafiti nchini Uganda walikata vipande vidogo vya ngozi yenye vipele hivyo na kuvitazama, na mwaka 2004 wakachapisha walichokiona: sehemu kubwa ilifanana na ngozi iliyong'atwa na wadudu, kisha mwili ukalipiza kupita kiasi. Na kadiri kinga ilivyokuwa chini ndivyo vipele vilivyozidi. Mtu wa namna hii anahitaji chandarua na dawa za kufubaza virusi. Ukimpaka BBE kila mwezi unamchoma bure.

Mwenye duka: Kwani unatofautishaje? Niambie mimi wa kaunta.

Daktari: Tazama katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, kuzunguka chuchu, na kwa wanaume sehemu za siri. Upele hupenda huko. Vile vipele vingine hukaa zaidi upande wa nje wa mikono na miguu, na katikati ya vidole mara nyingi huwa pasafi. Uliza pia nani mwingine nyumbani anajikuna, na usiku hali ikoje. Lakini mwenye kinga ya chini usimwamini sana kwa ramani hiyo. Kwake upele hupanda hadi usoni, masikioni na kichwani. Kwa hiyo naye dawa apakwe hadi kichwani, na chini ya kucha, siyo kuishia shingoni kama tunavyofanya kwa mtu mzima mwingine.

Mwelimishaji: Na yule aliyeanza kuwashwa wiki chache baada ya kuanza ARV? Huyo ndiye anayenihangaisha. Anakuja ananiambia, "Mama, hizi dawa zimeniharibu ngozi, naziacha."

Daktari: Wapo ambao kweli ni mzio wa dawa, septrini hasa, na anayetoka malengelenge au vidonda mdomoni asiambiwe asubiri; aletwe siku hiyohiyo. Lakini wapo ambao upele ulikuwamo kimyakimya. Kinga ilipoinuka ndipo mwili ukamwona mdudu na kuanza kupigana. Huyo akiacha dawa anaurudisha mwili usingizini na kuwaachia wadudu shamba.

Nadhani hilo linafaa kusemwa kwenye kila benchi la CTC, tena lisemwe na mwelimishaji kabla daktari hajafika. Mtu akishaamua kuwa vidonge ndivyo vinavyomwasha, haji kuuliza ruhusa ya kuviacha.

Nesi: Turudi kwenye hoja. Tuseme nimetazama, ni upele, na ni wa kawaida. Mgonjwa ni mama, mume hajui. Mnataka nifanye nini?

Mwelimishaji: Kwanza dawa isitoke dirisha la CTC. Cheti kiandikwe OPD, kwa wagonjwa wa nje, kama mgonjwa yeyote wa ngozi. Pili, usimwambie "kawalete wote." Mpe sentensi ya kuibeba: "Nyumbani kwetu kuna upele, tumeambiwa tupake wote." Upele hauna jina la mtu. Shuleni upo, bwenini upo, jeshini upo, gerezani ndiyo usiseme. Duniani watu kiasi cha milioni 200 wanao wakati wowote ule, na wengi wao hawajui virusi vinafananaje.

Nesi: Na mume akiuliza nani kauleta?

Mwelimishaji: Aseme mtoto kautoa shule.

Nesi: Unamfundisha mgonjwa uongo, dada.

Mwelimishaji: Basi aseme hajui. Kwani wewe unajua?

Daktari: Hajui, na hakuna anayejua. Anayeupata upele kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Aliyewahi kuupata huwashwa baada ya siku chache. Kwa hiyo anayejikuna wa kwanza nyumbani huenda ndiye aliyeambukizwa wa mwisho. Mke, mume, mtoto, mgeni wa Pasaka, yeyote. "Hatujui nani kauleta" ni jibu la kitabibu kabisa. Na ndilo linalomfanya Nesi awe sahihi juu ya kupaka na asiyejikuna.

Nesi: Nashukuru kwa kukumbukwa.

Mwenye duka: Mmesahau mfuko. Nyumba ya watu sita, kila mmoja apakwe shingo hadi unyayo, tena warudie. Chupa moja ya BBE haiwatoshi hata wazazi. Mtu ananunua moja, anaigawa kwa wote, kila mmoja anajipaka panapowasha tu. Halafu mnasema upele sugu.

Katika mabishano yote haya, naona mwenye duka ndiye aliyetia kidole kwenye kidonda. Tunabishana juu ya siri na ngozi huku watu wakipimiana dawa kwa kifuniko cha chupa. Nikamuuliza daktari kuhusu vidonge.

Daktari: Ayvamektini. Kwa upele wa kawaida humezwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, kisha dozi ya pili baada ya wiki moja au mbili, kwa kuwa haiui mayai. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya upele. Haipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15. Hao wana dawa za kupaka, na kwa kichanga mafuta ya salfa yaliyotengenezwa na mfamasia yangali na kazi. Na jamani, ile ya ng'ombe iacheni zizini. Wakati wa korona watu walijidunga vitu vya ajabu.

Mwelimishaji: Hiyo si ndiyo wanayogawa kwenye matende na mabusha?

Daktari: Hiyohiyo. Na hapo kuna kisa cha hapahapa kwetu ambacho sijui kwa nini hatukisimulii. Zanzibar ilianza mwaka 2001 kuwapa watu wote ayvamektini na albendazo kila mwaka ili kuondoa matende. Hakuna aliyekuwa akifikiria upele. Walipokuja kufungua vitabu vya vituo vya afya baada ya miaka kadhaa, walikuta wagonjwa wa upele wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili, na kwingine karibu kuisha. Baadaye, visiwani Fiji, wakajaribu kwa makusudi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha upele ukishuka kutoka karibu theluthi moja ya watu hadi asilimia 2 hivi ndani ya mwaka mmoja.

Mwelimishaji: Sasa nisikilizeni. Zanzibar, mtaa mzima ulimeza. Kuna mwenye virusi aliyejulikana kwa sababu ya kumeza? Hakuna. Mimi sikuwa napinga nyumba nzima, Nesi. Nilikuwa napinga nyumba moja.

Nesi: Ni maneno mazuri, lakini mgonjwa wangu yupo leo. Kampeni ya mtaa ije lini?

Daktari: Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kugawa kwa wote pale upele unapofika asilimia 10 ya watu au kuzidi. Kwenye shule za bweni, magereza, kambi za wakimbizi, inafikirika. Kwa wenzetu wa misitu ya Kongo iko tahadhari: mwenye minyoo ya loa loa kwa wingi kwenye damu anaweza kupata madhara ya ubongo akimeza ayvamektini, kwa hiyo huko haigawiwi kiholela. Na hata pale inapogawiwa, mgonjwa mmoja wa magamba aliyefichwa chumba cha nyuma atauambukiza tena mtaa wote. Dozi moja kwa mwaka haimtibu huyo. Yeye anahitaji dozi tatu, tano, pengine saba, zimepangwa kwa siku maalumu, pamoja na dawa ya kupaka na ya kulainisha magamba. Na anapimwa CD4 siku hiyohiyo, maana ngozi imeshatuambia kinga ilipofika. Bakteria huingia kwenye nyufa za magamba. Wanaofariki, hilo ndilo linalowaua, damu kuchafuka, siyo mdudu.

Nikiulizwa nimesimama wapi, kwenye swali la nani atibiwe nipo na Nesi: wote, siku moja. Kwenye swali la mlango upi na maneno yapi nipo na mwelimishaji, na sioni kama misimamo hiyo miwili inapingana. Kinachonikera ni kingine. Siku hizi aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi mitatu, hata sita, na ni jambo jema. Limeokoa nauli na siku za vibarua. Lakini ina maana nesi anamwona mara nne, au mbili tu, kwa mwaka, na katika mara hizo chache anapimwa uzito, anaulizwa kama kuna kikohozi, anapewa kopo na tarehe. Shati halivuliwi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo kinachofundisha matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika kusoma ngozi, kwa kuwa madaktari bingwa hawatatosha kamwe. Ujuzi haukosekani. Unakosekana wakati wa kumwambia mgonjwa anyooshe vidole.

Nesi: Kunyoosha vidole naweza kuanza Jumatatu. Ni sekunde tano. Lakini nikimpata wa magamba nitamlaza chumba cha peke yake, na nitavaa glovu na gauni mbele yake, na watu watasema anatengwa kwa sababu ya virusi.

Mwelimishaji: Watasema. Kwa hiyo uandike mlangoni "Upele," herufi kubwa.

Nesi: Uandike ugonjwa wa mtu mlangoni? Wewe uliyekuwa unalilia siri?

Mwelimishaji: Uandike "Ngozi," basi. Na umwambie yeye mwenyewe, kabla hujafunga mlango, atakaa humo siku ngapi.

Daktari: Siwezi kumwahidi siku. Mpaka tukikwangua magamba na kutazama kwenye hadubini tusione mdudu.

Mwelimishaji: Mwambie hivyo hivyo. Na mkewe naye apewe dawa siku hiyo, OPD, kabla hajaanza kuuliza.